Kipimo cha kabla ya kazi humwona dereva wa juzi

Tarehe 9 Mei 1999, Siku ya Akina Mama nchini Marekani, basi la kukodi lililojaa wazee lilichepuka kutoka barabara kuu mjini New Orleans. Abiria 22 walikufa. Wachunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri walikuta kwamba dereva alikuwa mgonjwa sana wa moyo na figo, na mwilini mwake mlikuwa na bangi. Lakini kilichonikaa mimi kichwani ni jambo jingine walilolibaini: mtu huyo alikuwa ameshawahi kukutwa na dawa za kulevya akiwa kwa waajiri wa nyuma, na mwajiri wake wa mwisho hakujua. Alihama kampuni, akajaza fomu upya, historia ikabaki alikotoka.

Mwaka 2001 Bodi hiyo ilipendekeza kuwepo daftari moja la taifa la madereva waliokutwa na dawa za kulevya au waliokataa kupimwa, na kila mwajiri alazimike kulisoma kabla ya kumpa mtu usukani. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulianzisha mwaka 2012. Kanuni zilitoka mwaka 2016. Daftari lenyewe, ambalo madereva wote wanalijua kwa jina la Clearinghouse, lilianza kufanya kazi tarehe 6 Januari 2020. Kati ya ajali ile na siku hiyo ilipita karibu miaka 21.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kitu ambacho mjadala wa kupima madereva wa malori huelekea kukisahau. Watu wanapozungumza juu ya kipimo cha kabla ya ajira, wanazungumza juu ya kikombe cha mkojo. Nijuavyo mimi, kikombe ndicho sehemu dhaifu kuliko zote katika mfumo huu. Sehemu zenye nguvu ni tatu, nazo hazitajwi sana: daftari, kipimo cha kushtukiza, na njia ya kumrudisha kazini aliyeanguka. Hii ya tatu ndiyo iliyo katika hali mbaya zaidi.

Kwanza tuelewane juu ya kikombe chenyewe, maana wapo wasomaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani ambao wanaendesha malori au wako shuleni wakitafuta leseni ya kibiashara. Sheria ya shirikisho, yenye mizizi katika sheria ya mwaka 1991 ya kuwapima wafanyakazi wa usafiri, inamhusu mtu yeyote anayeendesha gari linalohitaji leseni hiyo: lori la uzito wa pauni 26,001 na kuendelea, yaani karibu kilo 11,800, gari lililotengenezwa kubeba watu 16 au zaidi pamoja na dereva, au gari lenye shehena hatari inayotakiwa kubandikwa mabango. Kabla hujagusa usukani kwa niaba ya mwajiri mpya, lazima majibu yako ya maabara yawe yamerudi na kuonyesha kwamba huna dawa zinazotafutwa. Kupimwa tu hakutoshi, na kuna watu wamepoteza kazi kwa kuanza safari ya kwanza wakati majibu bado yako njiani.

Unafika kituoni, unatoa kila kitu mifukoni. Maji ya choo yametiwa rangi ya buluu ili usiyachote. Unatoa mkojo usiopungua mililita 45, na mhudumu ana dakika nne za kusoma joto lake: liwe kati ya nyuzi 32 na 38 za Selsiasi. Likiwa chini au juu ya hapo, utarudia, na safari hii mtu wa jinsia yako atasimama akikutazama. Ukishindwa kutoa, unapewa hadi saa tatu na maji ya kunywa kiasi cha lita moja na kidogo. Mkojo unagawanywa chupa mbili mbele ya macho yako, zinafungwa lakiri, unaweka herufi za jina lako. Chupa ya pili ni haki yako. Majibu ya kwanza yakikutia hatiani na wewe huamini, una saa 72 tangu ulipoambiwa na daktari mkaguzi kudai ipimwe katika maabara nyingine. Daktari huyo hukupigia simu kabla mwajiri hajaambiwa lolote, na ndiye unayemweleza kama dawa iliyoonekana uliandikiwa na daktari wako. Simu yake ikija kwa namba usiyoijua, ipokee.

Maabara hutafuta makundi matano: bangi, kokeini, amfetamini pamoja na jamaa zake kama methamfetamini, dawa za jamii ya afyuni, na PCP, dawa inayoleta maruweruwe. Tangu Januari 2018 kundi la afyuni limeongezewa vidonge vya maumivu kama oksikodoni na haidrokodoni.

Sasa tazama udhaifu. Katika vipimo vyote ambavyo dereva hupimwa maishani mwake, hiki ndicho cha pekee ambacho karibu yeye mwenyewe ndiye anayekipangia siku. Anajua anaomba kazi. Anajua kwamba barua ya kuitwa itakuja na anwani ya kituo. Kokeini hutoka kwenye mkojo ndani ya siku mbili hadi nne hivi. Methamfetamini nayo ni siku chache. Bangi ndiyo inayong'ang'ania: kwa mtu aliyevuta mara moja inaweza kwisha kwa siku tatu, lakini kwa anayevuta kila siku inaweza kuonekana hata baada ya mwezi mzima, kwa sababu mabaki yake hukaa kwenye mafuta ya mwili. Kwa hiyo mtumiaji wa kokeini mwenye nidhamu ya siku tano anapita mlangoni bila wasiwasi, na mvutaji wa bangi aliyeacha wiki mbili zilizopita anakamatwa. Bangi imekuwa ikiongoza kwa mbali katika matokeo ya Clearinghouse tangu ianze, zaidi ya nusu ya yote. Wako wanaosoma takwimu hiyo kana kwamba inawaambia dawa gani ni hatari zaidi barabarani. Kwa sehemu kubwa inawaambia dawa gani hukaa mwilini muda mrefu zaidi.

Kuna pengo jingine dogo ambalo wachache wanalijua. Katika vipimo vya aina nyingine, ukiondoka kituoni kabla ya kupimwa inahesabika kwamba umekataa, na kukataa kuna adhabu sawa na kukutwa na dawa. Katika kipimo cha kabla ya ajira, ukiondoka kabla zoezi halijaanza, kanuni haikuhesabii kukataa. Naelewa sababu: mtu anaweza kubadilisha nia juu ya kazi na akaenda zake. Ila ina maana kwamba aliyejijua ana dawa mwilini anaweza kugeuka mlangoni, akaomba kazi kwingine mwezi ujao, na daftari halitaandika chochote.

Linganisha na pombe. Dereva wa kibiashara hupulizwa kwenye kifaa, na kiwango cha asilimia 0.04 kinamtoa barabarani. Kipimo hicho kinasema jambo la sasa: huyu mtu, saa hii, amelewa kiasi hiki. Ndiyo maana sheria hailazimishi kupima pombe kabla ya ajira, inaruhusu tu; kila mtu anaelewa kwamba kumpulizisha mtu aliyekuja ofisini Jumanne asubuhi akiwa amevaa vizuri hakukuambii kama atakunywa Ijumaa. Kwa dawa za kulevya tumekubali mantiki tofauti kabisa. Mabaki ya bangi kwenye mkojo hayasemi kwamba dereva amelewa. Yanasema alitumia, siku isiyojulikana huko nyuma. Tunampima dereva wa juzi, kisha tunamkabidhi funguo dereva wa kesho.

Je, basi bangi iondolewe kwenye orodha? Tangu wapiga kura wa Colorado na Washington walipoihalalisha mwaka 2012, majimbo mengi yamefuata, na dereva anaweza kuinunua dukani kihalali kama anavyonunua bia. Wizara ya Uchukuzi imeshikilia msimamo wake: sheria ya jimbo haikusaidii, na hata daktari akikuandikia, daktari mkaguzi hatakubali kuwa ni sababu. Vivyo hivyo kwa mafuta na peremende za CBD, kemikali ya mmea wa bangi isiyolevya. Mwaka 2020 wizara iliwaonya madereva kwamba bidhaa hizo zinaweza kuwa na kilevi halisi cha bangi kingi kuliko lebo inavyosema, na kusema «nilitumia CBD» hakufuti matokeo. Mimi, pamoja na yote niliyosema juu ya udhaifu wa kipimo, niko upande wa wizara katika hili. Lori lililojaa shehena lina uzito wa tani 36, na hakuna kifaa cha barabarani kinachoweza kupima ulevi wa bangi kama kile cha pombe kinavyofanya. Mpaka kipatikane, mtu anayeomba kuendesha chombo kama hicho anaweza kuombwa aache. Ninachokataa ni adhabu inayofuata, kwa jinsi inavyotekelezwa. Nitarudi hapo.

Makampuni makubwa ya malori yaliuona udhaifu wa kikombe zamani, na kadhaa yao yakaanza kupima nywele pamoja na mkojo. Unywele wa sentimita nne hivi unabeba kumbukumbu ya siku 90. Hapo nidhamu ya siku tano haisaidii. Mwaka 2015 Bunge liliagiza wizara ya afya itoe miongozo ya kupima nywele ndani ya mwaka mmoja. Rasimu ilitoka mwaka 2020. Matokeo ya kuchelewa huko ni ya ajabu: dereva anayekutwa na kokeini kwenye nywele katika kampuni kubwa hapewi kazi hapo, lakini kwa kuwa kipimo hicho hakitambuliwi kishirikisho, matokeo hayaingizwi kwenye Clearinghouse. Wiki ijayo anaweza kupeleka mkojo safi kwa kampuni yenye malori sita na akapewa usukani. Kampuni ndogo hupokea waliokataliwa na kubwa bila kujua, yaani tumerudi kulekule New Orleans.

Hata hivyo sishangilii nywele, na hapa naomba msomaji mwenye nywele nyeusi asome polepole. Baadhi ya dawa, kokeini ikiwemo, hujishika zaidi kwenye nywele zenye rangi nyeusi nyingi. Maana yake watu wawili wanaweza kutumia kiasi kilekile, au hata kuguswa na vumbi la dawa kwa nje, na mwenye nywele nyeusi akaonekana ametumia zaidi. Maofisa weusi wa polisi ya Boston walikwenda mahakamani juu ya kipimo hiki hiki, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali kwamba takwimu zilionyesha kilikuwa kikiwaumiza weusi kuliko wengine. Nywele zikipewa nguvu za kisheria bila kipimo cha pili cha kuthibitisha, mhamiaji wa Kiafrika anayejenga maisha yake juu ya leseni ya lori ndiye atakayelipa gharama ya kosa la maabara. Mate ni njia yenye matumaini zaidi: hutolewa mbele ya mhudumu, hivyo ni vigumu kudanganya, na huonyesha matumizi ya karibuni zaidi. Kanuni iliyaruhusu mwaka 2023, ila kwa sharti la kuwepo maabara mbili zilizoidhinishwa, na kanuni ikakaa muda mrefu ikisubiri maabara.

Orodha yenyewe nayo ilichelewa. Fentanili, dawa kali ya kutengenezwa ya jamii ya afyuni, imeua Wamarekani wengi kuliko dawa nyingine yoyote katika miaka ya karibuni, lakini dereva wa lori aliyekuwa akiitumia alikuwa anapita kipimo cha shirikisho bila shida, kwa sababu haikuwa ikitafutwa. Mwaka 2025 ndipo serikali ilipoiingiza katika vipimo vya watumishi wake, na Wizara ya Uchukuzi ikapendekeza iongezwe kwa madereva pia.

Kwa hiyo ningekuwa mwenye kampuni ya malori na nina fedha kidogo ya kutumia kwa usalama, nisingeitumia mlangoni. Ningeitumia kwenye kushtukiza. Tangu Januari 2020 kiwango cha chini cha vipimo vya dawa vya kushtukiza ni asilimia 50 ya idadi ya madereva kwa mwaka. Kabla ya hapo kilikuwa asilimia 25, na kilipandishwa kwa sababu wanaokutwa na dawa walikuwa wameongezeka. Jina linachaguliwa na kompyuta, dereva anaarifiwa na kwenda kituoni papo hapo. Hata mwenye lori lake moja analazimika kujiunga na kundi linalosimamiwa na mtu mwingine, maana hawezi kujishtukiza mwenyewe. Mlango unamtisha mtu kwa wiki moja. Kushtukiza kunamtisha mwaka mzima, na dereva anayejua kwamba anaweza kuitwa Alhamisi yoyote ana sababu ya kukataa kinachozungushwa maegeshoni Jumatano usiku.

Na kwa nini kinazungushwa? Hapa ndipo napenda tukae. Baada ya bangi, dawa zinazofuata kwa wingi katika Clearinghouse ni kokeini na methamfetamini. Zote mbili ni dawa za kumfanya mtu asisinzie. Kanuni inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, kisha apumzike saa 10. Madereva wengi wa safari ndefu hulipwa kwa maili. Saa nne alizokaa kwenye ghala akisubiri kupakiwa mara nyingi hazilipwi au hulipwa kidogo, lakini zinakula dirisha lake la saa 14. Juu ya hayo, sheria ya kazi ya mwaka 1938, inayowapa wafanyakazi wengine malipo ya ziada wakizidisha saa 40 kwa wiki, iliwaacha nje madereva walio chini ya kanuni za usafirishaji, na mpaka leo wako nje. Mtu anayelipwa kwa mwendo, aliyepotezewa mchana na ghala, anaingia usiku akiwa na deni la maili. Hatumii methamfetamini kusherehekea. Simwondolei kosa lake. Amehatarisha roho za watu. Lakini kampuni inayompima mlangoni kisha ikampa ratiba ya namna hiyo inatengeneza yenyewe kile inachodai inakichuja. Wala uchovu mtupu, usio na dawa yoyote, hauonekani kwenye kikombe.

Sasa nirudi kwenye adhabu. Dereva aliyekutwa na dawa, au aliyekataa, anazuiwa kuendesha papo hapo na jina lake linaingia kwenye daftari. Tangu tarehe 18 Novemba 2024 majimbo yanalazimika kumwondolea pia leseni ya kibiashara mpaka amalize hatua za kurudi, hivyo hata askari wa barabarani ataona. Hatua zenyewe nakubaliana nazo: anakwenda kwa mtaalamu wa uraibu aliyeidhinishwa, anapimwa hali yake, anapewa elimu au matibabu, anarudi kwa mtaalamu yuleyule kuthibitishwa, kisha anapimwa tena huku akitazamwa. Akirudi kazini atapimwa bila taarifa angalau mara sita katika miezi 12 ya kwanza, na mtaalamu anaweza kuendeleza ufuatiliaji huo hadi miaka mitano. Dereva aliyepitia hayo yote anachunguzwa kwa karibu kuliko karibu dereva mwingine yeyote unayepishana naye.

Tatizo ni kwamba wengi hawaianzi hata hatua ya kwanza. Zaidi ya madereva 100,000 wako kwenye daftari wakiwa wamezuiwa, na sehemu kubwa yao haijachukua hatua yoyote ya kurudi. Wakubwa wa sekta wanalitaja hili kama habari ya upungufu wa madereva. Mimi naliona kama habari ya watu. Kanuni haimlazimishi mwajiri kulipia mtaalamu wala matibabu, na haimlazimishi kumrudisha mtu kazini. Aliyekamatwa mlangoni hana hata mwajiri wa kumgeukia. Ndiyo kwanza alikuwa anaomba kazi. Lazima alipe mwenyewe wakati mshahara umekatika, halafu atafute kampuni itakayokubali kumtuma kipimo cha kurudi, maana hata kipimo hicho kinahitaji mwajiri wa kukiagiza au msimamizi wa kundi kwa mwenye lori lake. Makampuni mengi hukataa, mara nyingi kwa kuwa bima yao haitaki kusikia jina hilo. Kumbukumbu hubaki kwenye daftari kwa miaka mitano, au mpaka amalize hatua zote, kutegemea kipi kitakawia zaidi. Kwa asiyeanza, haiishi.

Waswahili wana neno kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mfumo huu unamfundisha dereva kuficha. Mwenye uraibu aliye kazini leo anaona wenzake waliozuiwa wakipotea, na anahesabu: nikijitaja nimekwisha, nikinyamaza huenda kompyuta isinichague. Kanuni inaruhusu kampuni kuwa na mpango wa dereva kujitaja kwa hiari na kutibiwa bila kuandikwa kama mkosaji, mradi ajitaje kabla ya kuitwa kupimwa na asiendeshe mpaka athibitishwe. Ni madereva wangapi wameelezwa siku ya kwanza kazini kwamba mlango huo upo? Wengi hupewa karatasi nene wakasaini wakiwa wamesimama.

Ninachokitaka si kulegeza kamba. Kampuni zinazoendesha mamia ya malori zilipie mtaalamu kwa dereva waliyemwajiri na akaanguka mara ya kwanza. Bima ziwatofautishe waliozuiwa wakakimbia na waliomaliza hatua zote na kupita vipimo sita. Na mamlaka ya shirikisho, ambayo tayari inatangaza mara kwa mara wangapi wamekutwa na dawa zipi, itangaze pia ni wangapi kati ya waliomaliza hatua za kurudi walipata mwajiri, na iliwachukua miezi mingapi. Wenye kampuni wataweza kujilinganisha, na dereva aliyekaa nyumbani na barua ya kuzuiwa mezani atajua kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuvuka.